Akiba Isiyooza: Uhakiki wa Ghala la Kujiendesha katika Mchezo wa Minecraft

Utangulizi

Wahenga walisema akiba haiozi. Waliosema hivyo walijua vizuri kwamba mahindi huoza, kwamba maharagwe hutobolewa na fukusi, na kwamba panya hula asichopanda. Walichokusudia ni kwamba aliyeweka hatajuta siku ya shida. Katika mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, methali hii imekuwa kweli neno kwa neno. Mkate uliowekwa ndani ya sanduku leo utakutwa vilevile hata ukirudi baada ya mwaka mzima. Hakuna fukusi, hakuna panya, hakuna ukungu. Ukiweka, umeweka.

Makala hii inahakiki sehemu moja tu ya mchezo huo, nayo ni mifumo ambayo wachezaji hujenga ili vitu visafiri vyenyewe kutoka shambani au mgodini, vichambuliwe, kisha kila kimoja kiingie katika sanduku lake bila mkono wa mtu kukigusa. Wachezaji wengi huiona kuwa kilele cha ustadi. Mimi pia nimejenga, na nakubali kwamba ni kazi ya ufundi yenye uzuri wake. Hata hivyo, hoja yangu ni kwamba mchezo unatupa njia bora ya kujaza ghala bila kutupa sababu ya kulijaza. Ghala linakosa mlaji, na ghala lisilo na mlaji huwabadilisha waliolijenga.

Huenda msomaji akauliza kama mchezo wa kompyuta unastahili uhakiki wa wanafunzi wa Kiswahili. Tumezoea kuisoma kazi ya sanaa kwa kuangalia fani na maudhui. Mchezo nao una fani: kanuni zake, vifaa vyake, kasi yake. Una maudhui pia, yaani yale mambo ambayo kanuni hizo hutufanya tuyathamini bila sisi kutambua. Nitatumia vipimo hivyohivyo.

Ghala linavyojengwa

Kwa asiyeufahamu, Minecraft ulianzishwa nchini Uswidi na Markus Persson. Ulianza kuchezwa na umma mwaka 2009, toleo kamili likatoka mwaka 2011, na mwaka 2014 Microsoft ikainunua kampuni ya Mojang kwa dola bilioni 2.5. Dunia yake imejengwa kwa bloku za mchemraba ambazo mchezaji huzichimba na kuzipanga apendavyo. Kila kitu kinachochimbwa au kuvunwa lazima kiwekwe mahali. Sanduku la kawaida lina nafasi 27, na masanduku mawili yakiunganishwa hutoa nafasi 54. Kila nafasi hubeba hadi vitu 64 vya aina moja, ikiwa ni aina inayobebana. Kwa hiyo sanduku kubwa hujaa likifika vitu 3,456.

Kifaa kikuu cha ghala la kujiendesha ni hopa. Msomaji afikirie ule mdomo mpana wa mashine ya kusaga, unapomiminwa mahindi juu yakashukia kwenye mawe. Hopa iliongezwa mwaka 2013 katika toleo la 1.5. Kabla ya hapo wachezaji walisukuma vitu kwa mifereji ya maji na kuvibeba kwa vigari vya reli, lakini hapakuwa na njia nyepesi ya kuviingiza sandukuni vyenyewe. Hopa hutengenezwa kwa vipande vitano vya chuma na sanduku moja. Huvuta kitu kilicho juu yake na kukisukuma inakoelekea, kimoja kimoja.

Kuchambua ndiko kugumu zaidi, kwa maana mchezo hauna kifaa kiitwacho kichambuzi. Wachezaji walikibuni wenyewe. Hopa ina nafasi tano. Katika nafasi ya kwanza unaweka vitu 41 vya aina unayoitaka, tuseme makaa. Katika nafasi nne zilizobaki unaweka kitu kimoja kimoja cha kuzibia, ambacho umekipa jina lako la pekee ili kisifanane na kingine chochote. Jumla ni 45. Kando ya hopa kuna kilinganishi, kifaa kinachopima kiasi cha vitu vilivyomo na kutoa nguvu kupitia vumbi jekundu liitwalo redistoni, ambalo hufanya kazi kama waya. Vitu vikiwa 45, kipimo ni 2, na hopa ya chini imefungwa. Kipande cha makaa kikipita na kuvutwa, vinakuwa 46, kipimo kinapanda hadi 3, mwenge wa redistoni unazimika, hopa ya chini inafunguka na kuchukua kipande kimoja. Vinarudi kuwa 45, mlango unafungwa. Kitu kingine chochote kinachopita hakipati nafasi, hivyo kinaendelea na safari hadi kwenye hopa yake.

Uzuri wa kifaa kisicho na akili

Hapa ndipo ninapousifu mchezo. Hopa haijui makaa ni nini. Inajua tu kwamba nafasi imejaa au haijajaa. Uchambuzi wote unatokana na hesabu ya 45 na 46 iliyofanywa na mtu aliyeketi na kufikiri. Kichambuzi kingekuwa kifaa kilichokamilika, cha kununua na kuweka, kusingekuwa na la kuhakiki. Sasa kila ghala lina alama ya aliyelijenga.

Upole wake nao ni sehemu ya fani. Dunia ya Minecraft ina mapigo 20 kwa sekunde, na hopa hupitisha kitu kimoja kila baada ya mapigo manane. Hiyo ni sawa na vitu viwili na nusu kwa sekunde, au 9,000 kwa saa. Kasi hiyo ikikutana na shamba kubwa, foleni hutokea, na mjenzi hulazimika kubuni: agawanye mkondo, atumie maji yanayobeba vitu vingi kwa pamoja, aweke barafu chini ya maji ili viteleze, au apandishe vitu ghorofani kwa mapovu ya maji yaliyokuja na toleo la 1.13 mwaka 2018. Halafu kuna vitu visivyobebana kama panga na kofia za vita. Kichambuzi cha aina hii hakiviwezi kabisa, na usipoviwekea sanduku la mwisho vitaziba njia yote. Mfumo una udhaifu unaoonekana, na kwa sababu unaonekana tunaweza kuurekebisha. Hilo si jambo dogo katika zama ambazo mashine nyingi tunazotumia zimefungwa tusione ndani.

Akiba bila mlaji

Udhaifu mkubwa uko upande wa pili wa sanduku. Hopa moja ikifanya kazi mfululizo hujaza sanduku kubwa kwa takriban dakika 23. Swali la mhakiki ni hili: vitu hivyo vinakwenda wapi?

Mhusika wa Minecraft huona njaa, lakini njaa yake ni ndogo. Shamba dogo la ngano, ambalo mtu hulivuna kwa mkono kwa dakika chache, linamtosha. Akisimama bila kufanya kazi, karibu hali kabisa. Vifaa vyake huchakaa, ila jozi moja ya vifaa bora iliyowekewa uwezo wa kujitengeneza hudumu muda mrefu sana. Chakula hakiharibiki, kwa hiyo hakuna msimu wa kiangazi wa kuogopa. Sanduku likijaa, mchezo hautozi kodi wala hauleti mwizi. Unaongeza sanduku jingine tu.

Bibi yangu, anayeishi kijijini upande wa Kasese, huhifadhi maharagwe kwa kuyachanganya na majivu. Huyafungua, huyapepeta, hutoa ya kupika, hutenga ya mbegu, na jirani akija huyapunguza tena. Ghala lake lina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na mlango wa kutokea ndio unaompa usingizi au kumkosesha. Simtaji ili kuudharau mchezo kwa kuwa haufanani na kijiji. Namtaja kwa sababu neno ghala tunalolitumia mahali pote pawili lina maana nusu tu ndani ya mchezo.

Upo mchezo mwingine unaoonyesha kwamba kasoro hii haikuwa ya lazima. Factorio, uliotengenezwa Prague na kutolewa rasmi mwaka 2020, ulichochewa na nyongeza ambazo wachezaji walikuwa wameitengenezea Minecraft, mojawapo ikiwa BuildCraft iliyosafirisha vitu kwa mabomba. Katika Factorio vitu husafiri kwenye mikanda inayoonekana, na kila mkanda una mlaji: tanuru linalosubiri madini, karakana inayosubiri chuma, na mwishowe roketi inayosubiri vyote. Kitu kikirundikana ni dalili kwamba mahali fulani pana kosa. Tena viwanda hutoa moshi, na moshi huwavuta wadudu wa sayari ile waje kushambulia. Uzalishaji una gharama. Sisemi Factorio ni bora kwa kila hali. Dunia yake ni kavu na haina mahali pa kukaa ukatazama jua likizama. Nasema tu kwamba kuna waliouona upande wa pili wa sanduku.

Yaliyotupata sisi wanne

Likizo moja ndefu tulibaki wanne hosteli hapa Kampala: Waganda wawili, mmoja wa Goma na mmoja wa Bujumbura. Kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Tuliunganisha kompyuta zetu katika dunia moja ya Minecraft. Wiki za kwanza hapakuwa na ghala, yalikuwepo masanduku mawili mlangoni yaliyojaa kila takataka. Mtu akitaka chuma aliuliza, “Ndugu zangu, nani ana chuma?” na mmoja akajibu, “Ninacho, lakini nataka ngozi.” Tukabishana bei, tukacheka, tukaazimana. Mwenzetu wa Bujumbura alijulikana kwa ubahili wa makaa mpaka tukamwita Bwana Tanuru.

Kisha tukaamua kujenga ghala la aina 40. Kila aina ilihitaji hopa tatu, yaani hopa 120 na vipande 600 vya chuma, mbali na vilinganishi ambavyo huhitaji jiwe la kwazi linalochimbwa katika ulimwengu wa moto uitwao Nether. Siku za ujenzi zilikuwa bora kuliko zote. Mmoja alichimba, mmoja alihesabu, mmoja alipanga mfereji, na usiku tulikaa kutafuta ni hopa ipi iliyokuwa inavujisha mchanga kwenye sanduku la udongo.

Lilipokamilika, mambo yalinyamaza. Hakuna aliyeuliza tena nani ana chuma, kwa sababu chuma kilikuwa sanduku la saba kutoka kushoto. Bwana Tanuru alipoteza jina lake. Kila mmoja aliingia kwa wakati wake, akachukua, akaondoka. Siku chache baadaye nilitambua kwamba tulikuwa tunacheza peke yetu, wanne, ndani ya dunia moja.

Jambo la pili lilinisumbua zaidi. Mchezo huendesha vipande vya dunia vilivyo karibu na wachezaji pekee, na vilivyo mbali husimama. Shamba halizalishi kama hakuna mtu karibu. Basi tukaanza kupangiana zamu: mmoja aache kompyuta ikiwaka usiku kucha, mhusika wake akiwa amesimama kando ya shamba kama nguzo, hafanyi lolote. Tulijenga mashine ili itupunguzie kazi, kisha mashine ikatuajiri tuwe kifaa chake cha mwisho.

Maua ya golemu

Msomaji anaweza kujiuliza chuma chote hicho kilitoka wapi. Kilitoka katika shamba la chuma. Unawafungia wanakijiji watatu chumbani, na mbele yao unamweka zombi asiyeweza kuwafikia. Wakiogopa, golemu la chuma hutokea kuja kuwalinda. Linapotokea, maji hulisukuma hadi kwenye lava, linaungua, na vipande vitatu hadi vitano vya chuma hudondoka kwenye hopa. Hofu inaendelea, na chuma kinaendelea.

Golemu hilohilo, likiachwa kijijini, hutembea likilinda watu, na pengine hunyosha mkono kumpa mtoto wa mwanakijiji ua jekundu. Ndiyo maana linapokufa huweza kuacha pia ua moja au mawili. Ghala letu lilikuwa na kichambuzi cha maua, na kwa kuwa hakuna aliyeyahitaji, masanduku yake ndiyo yaliyojaa mapema. Ua jekundu hutoa rangi nyekundu, lakini ni nani mwenye haja ya rangi kiasi hicho? Nilipofungua sanduku la tatu na kukuta nafasi zote 54 zimejaa maua, ndipo nilipoelewa ghala linafanya nini. Linatunza jina la kitu na idadi yake, na linafuta habari ya kilikotoka. Ua la mtoto na kipande cha changarawe vinapitia mlango uleule wa 45 na 46.

Sidai kwamba wanakijiji wa Minecraft wanaumia kwa kweli. Ni picha kwenye kioo. Lakini mhakiki wa tamthilia haulizi kama damu ya jukwaani ni ya kweli. Huuliza tamthilia inamzoesha mtazamaji kuona nini. Mchezo huu ulichukua hatua ya kumpa golemu ua. Waliolibuni walijua wanachokifanya. Kisha wakaacha kanuni zikatufundisha kulihesabu ua hilo kuwa uchafu wa uzalishaji.

Pingamizi

Mwenzangu wa Goma alisoma rasimu ya makala hii na hakukubaliana nami. Aliniambia, “Kaka, ule mnara wako wa mawe ungeujenga kwa nini, kama ghala lisingekuwepo? Mlaji wa ghala ni mjenzi. Wewe ulikuwa mlaji, sasa unakana.”

Hoja yake ina uzito. Jengo kubwa humeza maelfu ya bloku, na bila mawe yaliyojikusanya yenyewe nisingethubutu kuanza. Nakubali kwamba pale mtu anapokuwa na jambo la kujenga, ghala linapata maana yake kamili. Lakini mlaji huyo aliletwa na mimi, mchezo haukumleta. Tena mnara ulichukua mawe na mbao, aina chache kati ya 40. Zilizobaki zilihifadhiwa kwa sababu zilihifadhika.

Aliongeza jambo la pili, kwamba kunyamaza kwetu hakukusababishwa na hopa; likizo ilikuwa inaisha na kila mmoja alikuwa na mitihani. Huenda ni kweli kwa sehemu. Hata hivyo, mitihani haikutuzuia kubishana bei ya makaa wiki za mwanzo, tulipokuwa na majaribio darasani. Uhaba ulitulazimisha kuzungumza, na hatukuweka chochote mahali pake ulipoondoka.

Golemu la shaba

Baada ya hopa, Mojang iliendelea kuongeza wasafirishaji. Mwaka 2016 lilikuja sanduku la shulker, linalohamishwa likiwa limejaa vitu vyake. Mwaka 2022 alikuja allay, kiumbe mdogo anayeokota vitu vinavyofanana na ulichompa mkononi. Mwaka 2024 kilikuja kifaa kinachounda vitu chenyewe. Kila kimoja kiliongeza kasi au wingi, na hakuna kilichoongeza mlaji.

Golemu la shaba, lililokuja mwaka 2025, ni tofauti kidogo. Huchukua vitu kutoka sanduku la shaba, visivyozidi 16 kwa mara moja, kisha hutembea kwa miguu yake likifungua masanduku ya kawaida mpaka lipate lenye kitu cha aina hiyo. Ni la polepole kuliko hopa, na wajenzi wakubwa hulicheka. Lakini shaba yake hubadilika rangi kadiri siku zinavyopita, na mwishowe linaganda likawa sanamu, hadi mtu aje alikwangue kwa shoka. Tulipofungua tena dunia yetu katika toleo hilo, tuliweka mawili. Siku moja mwenzetu wa Bujumbura aliandika, “Jamani, mzee amesimama tena. Nani yuko karibu?” Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtu kumwomba mwenzake jambo.

Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba ghala la kujiendesha ni kazi bora kwa upande wa fani. Vifaa vichache visivyo na akili, vikipangwa na mtu mwenye subira, vinafanya kazi ambayo hakuna kimoja kati yake kinachoielewa. Kwa upande wa maudhui, mchezo umeishia katikati. Umetufundisha kukusanya na kupanga, haukutufundisha kutoa. Golemu la shaba linaashiria njia nyingine, kwa kuwa linadai matunzo, na matunzo huwarudisha watu kwenye ghala.

Kwa wenzangu wanaotaka kujenga, sina sababu ya kuwazuia. Jengeni, na furahieni siku za ujenzi kwa sababu ndizo bora. Ila kabla ya kuweka hopa ya kwanza, ulizaneni ghala hilo litamlisha nani. Sisi hatukuulizana. Masanduku yetu ya maua bado yamejaa, na hakuna ua hata moja lililonyauka.